Nimepewa Darasa la Sita: Niwaambie Nini Wazazi?

Mpendwa Mshauri,

Mimi ni mwalimu wa kike katika shule ya msingi ya serikali hapa Busia, upande wa Uganda, karibu kabisa na mpaka. Mwaka huu nimekabidhiwa darasa la sita baada ya miaka kadhaa ya kufundisha madarasa ya chini. Kwa desturi ya shule yetu, mwalimu wa darasa husimama mbele ya wazazi na walezi mwanzoni mwa muhula wa kwanza na kuwaeleza jinsi mwaka utakavyokwenda: watoto watajifunza nini, shule itahitaji nini, na wao wenyewe wanatarajiwa kufanya nini. Mkutano wangu hauko mbali, na kadiri siku zinavyosogea ndivyo ninavyozidi kukosa la kusema.

Mwalimu mkuu ameniandikia mambo ya kutangaza. Anataka niwaambie wazazi kwamba la sita sasa ni darasa la watahiniwa. Kwamba kuanzia muhula wa tatu tutaacha kazi ya la sita na kuanza ya la saba ili tuiwahi PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Kwamba kutakuwa na masomo ya Jumamosi ya kulipia. Na kwamba mtoto asiyefikisha alama zilizowekwa katika mtihani wa mwisho wa mwaka atarudia darasa au atafutiwa shule nyingine. Ni mtu mwema na ninamheshimu. Naona hofu ya matokeo ndiyo inayomsukuma, maana shule siku hizi hupimwa kwa idadi ya watoto waliopata daraja la kwanza, basi.

Wazazi nao wana yao. Familia nyingi hapa zina watoto pande zote mbili za mpaka, na huko Kenya mtoto wa gredi ya 6 hufanya mtihani na kuiaga shule ya msingi. Baba mmoja ameshaniuliza kama mwanawe atamaliza mwaka huu, na mama mwingine ameniambia kwamba la sita ni mwaka wa kupumzika, kwa kuwa mtihani uko la saba, na kwamba atamhitaji binti yake siku za soko. Wengine ni wazee wanaolea wajukuu na hawajui Kiingereza, lugha ambayo mwalimu mkuu anataka itumike mkutanoni ili shule ionekane ya maana.

Liko na jambo linaloniumiza zaidi. Miongoni mwa watoto wangu wapo wasioweza kusoma aya moja ya Kiingereza wakaielewa. Wazazi wao hawajui, kwa sababu ripoti zimekuwa zikiandikwa "aongeze bidii" miaka yote. Nikilisema mbele ya watu nitawaaibisha. Nikilinyamazia nitakuwa nimewadanganya. Na hapo sijafika kwenye Sayansi, ambamo mada ya mwili na uzazi ilizua maneno katika baadhi ya familia mwaka jana.

Niwaeleze nini wazazi hawa ili waujue ukweli wa mwaka unaowakabili watoto wao, bila mimi kugombana na mkuu wangu wala kuwatia hofu watu ambao nauhitaji ushirikiano wao?

Mwalimu wa la sita, Busia

*

Mwalimu mwenzangu,

Katika orodha uliyopewa sioni hata jambo moja ambalo mzazi anaweza kwenda nalo nyumbani akalifanyia kazi. Ni orodha ya mambo yatakayowapata watoto, na mzazi anayeambiwa tu yatakayompata mwanawe hutoka mkutanoni ama ameogopa ama amekasirika. Ushauri wangu wote unasimama hapo: waeleze la sita ni mwaka gani hasa, waombe yale tu ambayo familia ya Busia inaweza kuyatenda, kisha useme waziwazi utakayoyatenda wewe. Mengine yana mahali pake, na mahali pake si pale.

Anza na swali la yule baba, kwa maana wengi watakaonyamaza wanalo pia. Majirani zetu wa Kenya walibadilisha mfumo wao: mtoto wao hukaa shule ya msingi hadi gredi ya 6, hufanya tathmini iitwayo KPSEA, iliyoanza kufanywa mwaka 2022, kisha huingia sekondari msingi. Kwetu shule ya msingi ni madarasa saba, na PLE inayosimamiwa na UNEB, baraza la mitihani la taifa, huja mwishoni mwa la saba. Kwa hiyo mtoto wa la sita wa Uganda hamalizi chochote mwaka huu. Mwambie na yule mama, kwa upole uleule, kwamba binti yake hapumziki vilevile, kwa sababu maswali ya PLE hayatoki katika kazi ya la saba peke yake. Yanarudi nyuma mpaka katika yale yaliyofundishwa madarasa ya juu yote, la sita likiwamo. Familia inayofikiria kumhamisha mtoto kuvuka mpaka katikati ya mwaka, kwenda au kurudi, iombwe ije kukuona kwanza. Masomo hayalingani. Huko Kiswahili hutahiniwa, na PLE yetu bado ina karatasi nne: Kiingereza, Hesabu, Sayansi, na Maarifa ya Jamii pamoja na Elimu ya Dini.

Baada ya hapo usiwasomee mtaala, maana hakuna mzazi aliyewahi kuondoka mkutanoni na mtaala kichwani. Chukua mada moja uifungue mbele yao, na kwa wazazi wa mpakani mada hiyo inajichagua yenyewe. Somo la Maarifa ya Jamii hupanuka mwaka hadi mwaka: la nne husoma wilaya yao, la tano husoma Uganda, la sita Afrika Mashariki, na la saba bara zima. Mtoto wako mwaka huu atatakiwa kujua kwamba Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza iliundwa mwaka 1967 ikavunjika mwaka 1977, kwamba mkataba wa Jumuiya ya sasa ulitiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999 na ukaanza kufanya kazi Julai 2000, na kwamba wanachama waliokuwa watatu sasa wamefika wanane. Hapo uwatahadharishe wazazi kidogo. Vitabu vingi ambavyo watoto hurithi kutoka kwa kaka na dada zao vinaishia nchi tano, kwa kuwa vilichapishwa kabla Sudan Kusini haijaingia mwaka 2016, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2022 na Somalia mwaka 2024. Mtoto akisema nane na kitabu kikasema tano, mzazi amwamini mtoto.

Halafu uwageuzie wazazi somo lenyewe. Mama anayevusha nyanya au vitunguu anajua, bila kuwa amekisoma kitabu chochote, kwamba bidhaa zilizotoka ndani ya Jumuiya zikiwa katika orodha inayokubaliwa na thamani yake haizidi dola 2,000, huvushwa kwa cheti chepesi bila ushuru wa forodha. Dereva wa lori anajua kwamba tangu kituo cha pamoja cha mpakani kizinduliwe mwaka 2018, gari linaloingia Uganda hukaguliwa upande wa Uganda tu, badala ya kusimama mara mbili. Haya ndiyo mambo ambayo mtoto wa Mbarara au Soroti huyakariri kutoka kitabuni, na wa kwako anayaona akienda kununua sukari. Waombe wawili watatu waje darasani muhula huu, kwa nusu saa tu, watoto wawaulize maswali. Mzazi aliyewahi kusimama mbele ya darasa la mwanawe akaulizwa na watoto jinsi forodha inavyofanya kazi hatakuuliza tena la sita ni la nini.

Hesabu uipitie kwa kifupi, ila useme ukweli kwamba hapa ndipo watoto wengi huanza kuteleza. Sehemu zinakuwa ngumu, asilimia na uwiano vinaingia kazini, na mwishoni mwa mwaka zinakuja namba hasi na aljebra, ambapo herufi inakaa mahali pa namba na mtoto anadhani mwalimu amekosea. Wazazi wako wana msaada wao hapa pia. Nyumba inayohesabu kila jioni shilingi za Kenya na shilingi za Uganda tayari inafanya hesabu ya uwiano. Waombe wamwache mtoto apige hesabu hiyo kwa kalamu, aeleze kwa lugha ya nyumbani alivyofika kwenye jibu, hata kama hesabu ya mama kichwani imeshamaliza zamani.

Sasa lile linalokuumiza. Watoto hawa wana historia yao, na ukiieleza kama historia hakuna atakayeaibika. Wengi wanaoingia la sita mwaka huu wa 2026 ndio walioanza la kwanza mwaka 2020. Shule zilifungwa mwezi Machi mwaka huohuo, muhula wa kwanza ukiwa haujaisha. Zilipofunguliwa kikamilifu tarehe 10 Januari 2022, mtoto aliyeondoka akiwa la kwanza aliketishwa la pili. Ule mwaka ambao mtoto hufundishwa kuunganisha herufi iwe neno, kwa lugha anayoielewa, uliwapita wakiwa nyumbani, wakichunga mbuzi au wakikaa na bibi. Kuanzia hapo wakawa wanapanda tu, hadi wakafika la tano, ambapo kila somo linafundishwa kwa Kiingereza, wakiwa na shimo lilelile chini ya miguu yao. Hakuna mzazi aliyelichimba shimo hilo, na walimu waliowapokea hawakulichimba pia. Mkutanoni unaweza kusema maneno kama haya:

"Katika wiki tatu za kwanza nitamsikiliza kila mtoto akisoma, peke yake, kwenye meza yangu. Nitakachokisikia nitamweleza mzazi wake peke yake, na tutakubaliana tufanye nini. Sitasoma alama za mtoto yeyote mbele ya watu, leo wala siku nyingine."

Ukishayasema, uyatimize. Sentensi ile ya mwisho ndiyo itakayowarudisha wazazi wanaokwepa mikutano, kwa sababu wengi wao hukwepa baada ya kuona jirani akisomewa alama za mwanawe hadharani. Na utakapokutana nao mmoja mmoja usitumie tena "aongeze bidii", maneno ambayo hayamwambii mtu chochote. Mwambie: mwanao anazitambua herufi zote, anasoma maneno mafupi, ila akifika mstari wa pili ameshasahau wa kwanza ulisema nini. Mzazi asiyejua kusoma anaelewa maelezo ya namna hiyo sawasawa na profesa. Kazi ya nyumbani unayompa nayo iwe ndogo: mtoto asome kwa sauti jioni, dakika kumi, halafu aulizwe "pamesemwa nini hapo?" na ajibu kwa Kisamia, Kiteso, Kiganda au Kiswahili. Bibi hahitaji kujua Kiingereza ili agundue kwamba mjukuu hana la kujibu.

Chukua pia daftari moja la Hesabu, uliinue juu, uwaonyeshe wazazi namna ya kulisoma hata kama maandishi yake hawayajui. Juu ya kila kazi pana tarehe. Pembeni pana alama za kalamu nyekundu ya mwalimu. Tarehe zikifuatana, mtoto anakuja shuleni. Zikiruka wiki nzima, ama mtoto hakuja ama hakuandika, na mzazi ana haki ya kuuliza. Kazi ikiwa imeandikwa na hakuna wekundu wowote kurasa tano mfululizo, basi mwalimu ndiye hakusahihisha, na hapo mzazi anakuja kukuuliza wewe. Waambie hivyohivyo, wakuulize. Najua kuna walimu watakaoguna wakisikia umewapa wazazi silaha hiyo. Waache wagune.

Kuhusu siku za soko, nakuomba usihubiri. Mama anayemhitaji binti yake siku ya soko anahitaji mtu wa kubeba na wa kulinda bidhaa, na hotuba yako kuhusu thamani ya elimu haitabeba gunia. Mpe ratiba. Mwonyeshe kwamba siku hiyo ya wiki kuna Hesabu vipindi viwili asubuhi, na kwamba mada mpya huanzia hapo, kisha umwombe mfikie makubaliano: binti aje asubuhi, na baada ya masomo aende sokoni. Wengine watakubali na wengine hawatakubali, lakini atakayekubali atakuwa amekubali jambo analoliweza. Pale tu unapoona mtoto anatumwa kubebeshwa mizigo ya magendo kupitia vichochoro vya mpakani ndipo unapoacha kubembeleza na kulifikisha jambo hilo kwa mwalimu mkuu na kamati ya shule, kwa kuwa hapo mtoto yuko hatarini.

Mada ya mwili na uzazi uitangulie kabla haijakutangulia. Familia zilizolalamika mwaka jana, nadhani, zilisikia habari kutoka kinywani mwa mtoto, nusu yake imeeleweka vibaya, na zikahisi shule imeingia chumbani kwao bila hodi. Mwaka huu wewe ndiye upige hodi. Waeleze kwamba watoto wa umri huu, miaka kumi na mmoja, kumi na miwili, wanabadilika miili wakiwa mikononi mwao na mwako kwa wakati mmoja; kwamba Sayansi itawaeleza mabadiliko hayo kama inavyoeleza mzunguko wa damu; na kwamba yale ya heshima, mila na dini yanabaki ya shangazi, bibi, shehe na mchungaji, ambao wana muda wa kuanza sasa kabla mada haijafika. Wasichana wanaopata hedhi ya kwanza shuleni wanahitaji pedi, maji chooni na mtu wa kumwendea bila aibu. Mtaje mbele ya wote mwalimu mlezi wa wasichana, asimame aonekane, na kama shule ina mwalimu mlezi wa wavulana asimame pia, kwa maana wavulana nao hubaki na maswali yao na huyapeleka vijiweni. Ukiweza kuwapata akina baba wawili wakakubali hapo hapo kwamba fedha ya pedi ni sehemu ya mahitaji ya shule kama ilivyo fedha ya kalamu, utakuwa umefanya kazi kubwa kuliko mada yenyewe.

Nirudi kwa mwalimu mkuu, kwa sababu haya yote yanaweza kuharibika mlangoni pake. Mwendee kabla ya mkutano, ukiwa na karatasi moja uliyoandika mpango wa mwaka, muhula kwa muhula. Usiende na maneno ya sheria. Nenda na hesabu. Mwonyeshe kwamba muhula wa tatu ukichukuliwa na kazi ya la saba, zile namba hasi na aljebra hazitafundishwa na yeyote, kwa kuwa mwalimu wa la saba ataendelea akiamini zilishafundishwa, na PLE itaziuliza. Mtu anayeogopa matokeo husikia hoja hiyo kuliko hoja ya haki za mtoto, ingawa zote mbili ni za kweli. Akisema shule nyingine zote hufanya hivyo, mkubalie kwamba ni kweli wengi hufanya hivyo, na umwombe akuachie darasa moja, mwaka mmoja, ulimalize la sita kama lilivyopangwa.

Masomo ya Jumamosi ya kulipia na tishio la kurudishwa darasa ni mambo mazito zaidi, na hayo usikubali yatoke kinywani mwako. Shule yenu ni ya serikali, chini ya UPE, mpango wa elimu ya msingi kwa wote ulioanza mwaka 1997, na Sheria ya Elimu ya mwaka 2008 inakataza shule kama hiyo kumtoza mzazi ada ya masomo. Wizara nayo imekataza mara nyingi masomo ya likizo na ya ziada ya kulipia, na sera ya nchi ni kwamba mtoto apande darasa. Mwambie kwa adabu kwamba haya ni maamuzi ya shule na ya kamati, na kwamba mwalimu wa darasa hana mamlaka ya kuyatangaza. Akitaka yasemwe, ayaseme yeye, akiwa na mwenyekiti wa kamati pembeni. Nina hakika ya kutosha kwamba akitakiwa kuyasema mwenyewe mbele ya wazazi atayapunguza. Mpe pia sehemu ya heshima katika mkutano: afungue, asalimie, aeleze habari za chakula na majengo, kisha akukaribishe.

Habari ya chakula kweli aieleze yeye. Sheria hiyohiyo ya Elimu imeweka chakula na mavazi katika majukumu ya mzazi, na wazazi wengi hawajui hilo, wakadhani posho na maharagwe ya mchana ni deni la serikali. Lakini mazungumzo ya fedha yakianza, hayaishi. Yawekewe muda na yaishe kabla hujasimama, au yaje mwisho kabisa baada ya wewe kukaa.

Kuhusu lugha, endesha mkutano kwa Kiswahili, na utafute mzee mmoja wa kutafsiri kwa Kisamia panapohitajika. Mwalimu mkuu akiona ni kushusha hadhi ya shule, mkumbushe kwa upole kwamba Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya nchi hii tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, na kwamba Julai 2022 Baraza la Mawaziri lilipitisha kifundishwe katika shule za msingi na za sekondari. Hadhi ya shule haitapungua kwa wazazi kuelewa kilichosemwa. Mkutano wenyewe uwe mfupi, asubuhi mapema kabla biashara haijachangamka, na usiuweke siku ya soko. Nimehudhuria mikutano ya wazazi iliyopangwa saa nane mchana siku ya soko, na baadaye nikasikia walimu wakilalamika kwamba wazazi wa siku hizi hawajali.

Yako mawili madogo usiyasahau. Kuna mzazi atakayesimama, nakuhakikishia, aseme kwa nia njema kabisa: "Mwalimu, huyo wangu mchape tu, nimekupa ruhusa." Mshukuru kwa imani yake, kisha umweleze kwamba adhabu ya viboko shuleni imekatazwa na sheria ya watoto iliyorekebishwa mwaka 2016, na ruhusa yake haiwezi kuiondoa, mwambie mtoto akikosea utamwita yeye mzazi. La pili ni majina. Waombe walete nakala ya cheti cha kuzaliwa mwaka huu, muhula huu wa kwanza, ulinganishe na majina yaliyo kwenye rejista. Mpakani mtoto anaweza kuwa na jina moja upande huu na jingine upande wa pili, na jina litakaloandikishwa UNEB mwakani ndilo litakalomfuata hadi chuo kikuu. Kulibadilisha baadaye ni gharama na safari nyingi.

Baada ya mkutano andika waliofika na wasiofika. Wasiofika wapelekee karatasi ile ya muhula kwa muhula, kwa Kiswahili, ikiwa na siku moja ya wiki ambayo utakuwepo darasani baada ya masomo kwa ajili ya wazazi. Ukishawasikiliza watoto wakisoma utawajua wale wenye hali ngumu zaidi, na wazazi wao usiwangoje waje. Waendee wewe jioni, soko likishafungwa, ukianza na wale bibi wanaolea wajukuu peke yao. Nenda na kitabu anachokiweza mtoto, hata kama ni cha la tatu, umwachie.

Mshauri